Marejeo Kumi na Tisa

Ombi lilikuja Jumatatu asubuhi kama yanavyokuja maombi mengine: karatasi mbili zilizobanwa pamoja, kutoka idara ya elimu, bila jina la mwanafunzi. Msimamizi mmoja alikuwa anasoma tasnifu ya mwaka wa mwisho, akataka maktaba impatie nakala za makala zote zilizotajwa kwenye marejeo. Zilikuwa arobaini na moja. Nilichonga penseli nikaanza na ya kwanza.

Mimi ni mkutubi msaidizi. Nina diploma, sina digrii, na kwa miaka kumi na minane nilikaa kaunta ya rasilimali za kielektroniki, yaani majarida na vitabu visivyoshikika, vya kwenye kompyuta. Wanafunzi walikuwa wananiita Mama Paswedi, kwa sababu paswedi ya kufungulia majarida hayo ndicho kitu pekee walichonifuatia. Wakishaipata hawarudi, na nikikagua mwisho wa mwezi naona wengi hawakuitumia hata mara moja.

Makala ya kwanza ilikuwepo. Ya pili pia. Ya tatu haikuwepo. Jarida lilikuwepo, toleo lilikuwepo, lakini kurasa zilizotajwa zilikuwa za makala ya minyoo ya mbuzi. Nikacheka peke yangu. Ya tano, mwandishi yupo ila hajawahi kuandika kitu kama hicho. Ya saba, jarida lenyewe halijazaliwa. Kufikia mchana nilikuwa nimemwita mwenzangu wa kaunta ya kuazima vitabu aje ajionee. Akasema huyo mtoto ametungiwa na zile programu za akili mnemba za kwenye simu, unaziuliza swali zinakujibu kwa kujiamini kuliko daktari. Nikamwambia mimi hata mchuzi niliopika mwenyewe nauonja kabla ya kupakua.

Niliandika taarifa kwa mkono: marejeo kumi na tisa hayapo. Ningeishia hapo. Lakini mimi nikipata upenyo wa kusema sinyamazi, nikaongeza sentensi chini: "Mwanafunzi huyu hakujisumbua kufungua makala hizi, na hakuona haya kuandika kwamba amezisoma." Nikatia sahihi, nikapeleka.

Alhamisi jioni nilirudi nyumbani nikamkuta binti yangu amekaa jikoni na barua mapajani. Yuko mwaka wa mwisho, idara ya elimu. Baba yake ni fundi umeme, na amekuwa akimwita Profesa tangu alipokuwa darasa la pili. Siku hiyo alisimama mlangoni akimtazama kama anavyotazama nyaya asizojua zinaelekea wapi.

Nikasoma barua. Kamati ya nidhamu, Jumatano, saa nne asubuhi. Marejeo kumi na tisa ya kubuni. Nyuma yake walikuwa wamebana taarifa ya maktaba. Sikuwa na haja ya kuisoma.

"Hii sahihi si yako, Mama?"

"Yangu."

"Ulijua ni tasnifu yangu?"

"Hapana. Na ningejua ningeandika hivyohivyo."

Hilo lilikuwa uongo, ila lilikuwa limeshanitoka.

Alijieleza. Muda ulikuwa umembana, darasa zima wanafanya hivyo, programu ilimpa orodha yenye majina, miaka na namba za toleo. "Ina mpaka kurasa, Mama," aliniambia, kana kwamba uongo haujui kuhesabu. Nilimwuliza kama alifungua hata moja kati ya hizo. Akatazama sakafu.

Kisha nikageuza ukurasa wa mwisho wa barua, nikakuta kivuli cha fomu ya mafunzo, na muhuri wangu umekaa katikati.

Lazima nieleze fomu hiyo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anatakiwa apate mafunzo ya saa mbili maktaba: namna ya kutafuta makala mtandaoni, namna ya kuhakiki kama ni ya kweli, namna ya kuitaja. Akimaliza, nilikuwa namgongea fomu, na bila fomu idara haipokei tasnifu. Hiyo ndiyo kanuni. Hali yenyewe ni kwamba chumba cha mafunzo kina kompyuta ishirini, zinazowaka ni tisa, na kila Jumatano nilikuwa nafundisha watu sita, wawili kati yao wamefuata pa kuchaji simu. Halafu wiki ya kukusanya tasnifu inafika, kaunta inafurika watu wenye fomu. Mwaka wa kwanza wa kanuni hiyo niliwafukuza. Mkutubi Mkuu akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia nisiwacheleweshe watoto wa watu, niwe mtu mzima. Nikawa mtu mzima. Mwaka ule alipeleka taarifa juu kwamba tumefundisha wanafunzi mia nne. Wakampongeza, naye akatununulia soda.

Fomu ya binti yangu niliigonga nikiwa na akili zangu timamu. Alikuja na rafiki zake, fomu zao zote kazishika yeye mkononi kama karata. Nikamwuliza mbona sikumwona hata Jumatano moja.

"Mama, mimi nimekulia maktaba. Nifundishwe nini tena?"

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, nikagonga. Ni kweli alikulia pale. Alipokuwa shule ya msingi alikuwa akifanyia kazi zake za nyumbani chini ya kaunta yangu, miguu imejitokeza, watu wakiiruka. Nilidhani anajua kwa sababu ni wangu. Watoto wa wenzangu niliwagongea kwa uvivu, wa kwangu nilimgongea kwa majivuno.

Kanuni za chuo nazijua vizuri, nimezitoa nakala mara nyingi kuliko waliozitunga. Aliyepata mafunzo kisha akaghushi marejeo, anafukuzwa. Ambaye hakupata mafunzo, anarudia tasnifu. Kwa hiyo mambo yote yalikuwa yamekalia muhuri ule. Ukiwa wa kweli, binti yangu amekwisha. Ukiwa wa uongo, nimekwisha mimi.

Mume wangu alinifuata uani nilipokuwa naanua nguo. Aliniuliza itakuwaje nikisema ukweli. Nikamwambia wataniondoa pale kaunta, kama si chuoni kabisa. Akatikisa kichwa, akaingia ndani kurekebisha swichi ambayo haikuwa imeharibika.

Nilikuwa nimeshaamua kabla sijamaliza kuanua. Ningekwenda kusema kwamba sikumfundisha. Halikuwa jambo la kufikiria mara mbili: mimi nimekula chumvi nyingi, yeye ndio kwanza anaanza. Lakini sikumwambia. Nilijisemea, acha aogope kidogo. Mtu aliyeandika uongo kumi na tisa akiumwa tumbo siku tano haitamwua. Ijumaa aliniuliza, "Mama, utasema nini Jumatano?" Nikamwambia atasikia hukohuko. Jumatatu akaniuliza tena. Nikamjibu vilevile, nikaendelea kupiga pasi.

Jumatano tuliingia pamoja. Meza ndefu, chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua, wajumbe wanne, na Mkutubi Mkuu mwisho wa meza akiwakilisha maktaba. Mwenyekiti, mwanamke wa umri wangu, alisoma mashtaka, akasema wangependa kwanza kujua kuhusu mafunzo. Akanigeukia mimi. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, fupi, nimeifanyia mazoezi njiani. Nikavuta pumzi.

Binti yangu akasimama.

"Sikufundishwa," alisema. "Mama alinigongea muhuri tu. Anawagongea wote. Yeye hajali kama mtu amejifunza au hakujifunza."

Hakunitazama. Alisema kwa mkupuo mmoja kama kitu alichokariri, na nadhani alikikariri kweli, katika zile siku tano nilizompa.

Mwenyekiti akanigeukia tena. "Mama, ni kweli?"

Nilikuwa nimekwenda pale kumpa kitu, nikakuta ameshakichomoa mfukoni mwangu.

"Ni kweli," nikasema. "Isipokuwa hilo la mwisho."

Akaandika. Sijui kama la mwisho aliliandika.

Kisha wakamwuliza Mkutubi Mkuu kama alikuwa na habari. Alisema amestushwa sana, maana siku zote amekuwa akisisitiza mafunzo, na taarifa zake zipo. Alizungumza huku akisoma kibandiko cha chupa ya maji. Nikawaambia aliyeniagiza ni yeye. Mwenyekiti akaniuliza kama nina barua, au hata ujumbe. Sikuwa na chochote. Mimi niliyewaambia watu kila Jumatano wasiamini neno lisilo na chanzo, nilifanya kazi miaka yote kwa neno la mdomo lililosemwa mlango umefungwa.

Hawakukaa sana. Binti yangu arudie tasnifu, apewe miezi sita, na aanze na mafunzo. Mimi niondoke kaunta kuanzia Ijumaa, nipelekwe stoo ya majarida ya zamani, huku suala langu likiendelea kuangaliwa.

Tulitoka, tukapita ukumbi wa kusomea. Nje, karibu na geti, alisimama.

"Mama, si ungesema hivyohivyo?"

"Ningesema."

"Sasa umekasirikia nini?"

"Wewe hukujua kama ningesema."

Nilidhani nimemweza. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakulia.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema.

Tulikwenda nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Hiyo ni miezi minne sasa. Stoo iko chini kabisa, haina dirisha, na kazi yangu ni kupanga majarida ambayo yote yameshaingizwa kwenye kompyuta, yaani hakuna atakayekuja kuyaulizia. Kaunta yangu amepewa kijana mwenye digrii. Naambiwa Mkutubi Mkuu ameshamwita ofisini kwake mara moja, na akafunga mlango. Mwenzangu wa kuazima vitabu ndiye anayeniletea habari. Anasema Jumatano watu bado ni sita, na binti yangu ni mmoja wao, ingawa saa zake mbili alishazimaliza zamani. Anawahi, anakaa kwenye kompyuta ya mbele, hatoki mpaka mwisho. Juzi alimweka yule kijana nusu saa zaidi, akitaka kujua makala ikitajwa na watu wengi unajuaje kama walioitaja wameisoma.

"Mwanao anauliza maswali mpaka raha," mwenzangu aliniambia.

Nikasema vizuri. Ni swali zuri, na jibu lake ninalo. Nyumbani haniulizi kitu. Hata akitaka kujua chumvi iko wapi anamwuliza baba yake, ambaye hajui.