Radhi za Snoubodi

Mimi radhi sitoi kwa kitu nisichokijua. Mjukuu wangu Ghadir anasoma Kanada, na alipopiga simu Ijumaa kuniomba radhi za mashindano ya snoubodi, nilimwambia kwanza anieleze hiyo snoubodi ni mdudu gani.

Kwetu hapa Tabora mtoto haingii kwenye jambo zito bila radhi za mkubwa wake, na mkubwa aliyebaki ni mimi. Baba yake, mwanangu Hamoud, alinunua pikipiki nikamkataza. Tukagombana mlangoni, akaondoka kwenda Nzega bila kuniaga, akafia njiani. Ghadir alikuwa na miaka minane. Tangu siku ile watu wananong'ona kwamba Hamoud aliondoka bila radhi za mama yake. Wanadhani mimi kiziwi.

Basi Ghadir akaanza. Snoubodi ni ubao mmoja, upana wake kama shibiri, ukiusimamisha unamfika kidevuni. Miguu yote miwili inafungwa juu yake, unasimama ubavuubavu, halafu unateremka mlima wenye theluji. Jina ni la ubao, na mchezo wenyewe nao wanauita hivyohivyo. Nikamuuliza usukani uko wapi. Hakuna. Breki je? Akasema breki ni kuulaza ubao kwa ukingo wake. Nikamuuliza kama huko chuoni wamemroga. Akacheka, nami nikacheka kidogo, maana huyu mke mwenzangu akicheka siwezi kununa.

Nikamuuliza kama watu huanguka. Mwingine angenidanganya. Yeye akasema wanaanguka kila siku, na mwaka jana yeye mwenyewe alivunjika mkono akanificha. Jamani! Moyo ulinipasuka. Maneno makali yalinifika mdomoni, nikayameza. Ya namna hiyo niliyatoa mara moja maishani, yanatosha.

"Nimekuwia radhi," nikamwambia. "Na ukianguka, umeanguka na radhi zangu. Hazipungui."

Nilidhani atashukuru akate simu, maana kwao kulikuwa asubuhi na alikuwa na masomo. Badala yake nikamsikia anavuta kamasi.

"Bibi," akasema, "na baba?"

Miaka kumi na nne hajawahi kuniuliza. Nikavuta kiti nikakaa. Nikamweleza kwamba siku ile, kabla pikipiki haijakata kona, nilisema peke yangu pale mlangoni, na hasira bado zimenijaa: nimekuwia radhi, mwanangu. Hakuna aliyesikia. Baadaye watu waliponinyooshea vidole nikaona kiburi kujitetea, nikanyamaza, na mtoto wa watu akakua na mzigo ule.

"Alikwenda nazo," nikamwambia. "Baba yako alikwenda nazo zote."