Kadi Iliyobaki Juu ya Friji

Rayna alimwaga birika zima la maji mbele ya gurudumu la pikipiki, kisha akalikung'uta litoe na matone ya mwisho, maana hakuwa mtu wa kubakiza. Kwao Kyustendil msafiri hupita juu ya maji ili safari yake iteleze. Akaliweka birika dirishani, akapandisha sketi kidogo, akapanda nyuma ya mwanawe Stamen. Kofia ngumu aliivaa juu ya kitambaa chake cheusi cha kichwani.

"Una kila kitu?" akauliza.

"Ninacho, mama."

"Kadi ya pikipiki?"

"Ipo mfukoni."

"Ipapase."

Stamen akaipapasa.

Langoni kulikuwa na tangazo jipya la kifo, maana kwao hubandikwa upya kila mwaka, lenye picha ya kaka yake Stamen, Yavor: miaka mitatu bila yeye. Chini ya picha Rayna alikuwa amechapisha maneno mawili, Msahaulifu Wetu. Mchapaji alimshauri aweke "Mpendwa Wetu", akakataa. Alisema wapendwa wamejaa kwenye kila nguzo ya umeme, lakini msahaulifu ni huyu mmoja.

Miaka mitatu nyuma, siku kama hii, ndugu hao wawili walikuwa wakienda ng'ambo ya mpaka, Makedonia, kwa mama yao mdogo, kula sikukuu ya mtakatifu wa kijiji. Kila mmoja alikuwa na pikipiki yake. Walipofika mpakani ikaonekana kwamba kadi ya pikipiki moja imebaki nyumbani, juu ya friji. Yavor akageuza kwenda kuichukua. Rayna alikuwa kanisani, kwa hiyo hakuna aliyemmwagia maji mara ya pili. Wakati wa kurudi mpakani mvua ilimkuta, akateleza kwenye kona.

Hayo ndiyo yaliyojulikana nyumbani. Lisilojulikana ni kwamba kadi ilikuwa ya Stamen. Karatasi za Yavor zilikuwa zimetimia, amezifunga kwa mpira kama kawaida yake.

"Kaa hapa," Yavor alimwambia siku hiyo. "Wewe unaendesha kama unasindikiza jeneza. Nitakuwa nimerudi kabla hujamaliza mbegu zako."

Stamen alikuwa na mfuko wa mbegu za alizeti. Alizimaliza.

Msibani mama yake alipouliza ni nani aliyesahau kadi, Stamen alijibu, "Yavor." Alikusudia kulirekebisha neno hilo baada ya mazishi, kisha baada ya arobaini, na mwishowe akalikuta limechapwa na kubandikwa langoni. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ya Stamen ilikuwa inaingia mwaka wa nne na mwisho wake hauonekani. Aliona aibu, na aibu ilipozidi ilimfunga mdomo zaidi.

Kadi ile haikupatikana, akatengenezewa nyingine. Ilifaa mwaka mzima isipokuwa siku hii moja. Siku hii, ikifika mkononi mwa afisa wa mpaka, maandishi yote hutoka, ikabaki nyeupe kama yai lililomenywa. Basi Stamen husogea pembeni, na Yavor huja kuleta ile ya zamani. Mwaka wa kwanza ilikuwa hivyo, na wa pili vivyo hivyo. Stamen hakumwambia mtu. Aliyesema ni dereva mmoja wa lori la pilipili, aliyekutana na Rayna sokoni. "Mama, yule mwanao mkubwa hazeeki," alimwambia. "Ila mwambieni avae koti la mvua." Rayna alirudi nyumbani akafuma soksi za sufu.

Mwaka huu akasema atakwenda naye hadi mpakani. Stamen alijaribu kumzuia. Alimtajia mashimo ya barabarani, akamtajia na mgongo.

"Mgongo ni wangu," Rayna alijibu. "Nina maneno na yule mtoto."

Njia nzima Stamen aliwaza jambo moja tu. Kadi ile ilikuwa na jina lake kwa herufi kubwa, na mama yake alijua kusoma.

Afisa wa mpaka, Kalin, aliipokea kadi mpya, akaigeuza huku na huku. "Tupu," akasema. "Kama mwaka jana. Sogea pale kivulini, usizibe njia." Kisha akamwona Rayna. "Shikamoo, mama. Leo umekuja mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu. Huwa anachelewa sana?"

"Hachelewi. Huja na mvua yake."

Wakangoja. Jua lilikuwa kali. Rayna alimshauri Stamen anunue hata mbegu za alizeti, lakini Stamen akasema hazili siku hizi.

"Mama," akaanza.

"Nini?"

"Kiti hakikuumizi?"

"Hakiniumizi."

Yavor alitokea nyuma ya foleni ya malori. Mvua ilimnyeshea yeye peke yake, kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma, na madereva walipandisha vioo alipowapita. Pikipiki yake ya bluu ilikuwa nyumbani bandani, imepinda, kuku wanaitagia. Hapa ilikuwa imenyooka, ingawa kitini kulikuwa na nyasi kavu na unyoya.

"Mama?" akasema. "Umekuja huku kwa pikipiki, na mgongo huo?"

"Usinibadilishie maneno. Vua viatu."

Akavua, akamwaga maji yaliyokuwamo. Rayna akamvisha soksi mpya, nazo zikalowa palepale. Hakuwa amefuma jozi nyingine.

"Tangu mdogo nakwambia weka vitu vyako mahali pamoja," akasema. "Lete hiyo karatasi. Nataka nikione kitu kilichoniulia mtoto."

Yavor akamtazama mdogo wake. Hakumtazama kwa hasira. Ndivyo alivyokuwa akimtazama zamani, akimngoja amalize kufunga kamba za viatu waende shule. Kisha akampa mama yake kadi.

Rayna akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akapekua mkoba wake hadi chini. Miwani ilikuwa nyumbani, juu ya friji.

"Kusahau kumbe ni kwa ukoo," akasema, akamkabidhi Stamen kadi. "Nisomee. Imeandikwa jina la nani?"

Kadi ilikuwa imelowa lakini wino haukuchuruzika hata kidogo. Jina la Stamen lilikuwepo lote, na la baba yake, na la babu yake. Kalin alikuwa akichungulia dirishani. Hakuna aliyemharakisha Stamen. Alikuwa na nafasi ya kutosha.

"Yavor," akasoma.

Yavor akatikisa kichwa huku na huku, jambo ambalo kwao ni kukubali. "Ndiyo, mama. Nilisahau. Nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema Rayna. "Lakini umeniumiza sana, mwanangu."

Akamfuta uso kwa kitambaa chake cha kichwani, ukalowa tena, akaufuta tena. Yavor alipowasha pikipiki kurudi alikotoka, Rayna aliomba chupa ya maji kwa Kalin, akaimwaga mbele ya gurudumu lile ambalo lilikuwa limeshalowa.

"Safari hii umemwagiwa," akamwambia.

Mvua ikaondoka naye hadi konani.

Kalin aliipokea kadi ya zamani, akaisoma, akasoma na leseni ya Stamen. Alimtazama Stamen kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Majina yanalingana," akasema kwa sauti ya chini, akagonga mhuri.

Rayna alikuwa amekwisha kupanda, amemshika mwanawe kiunoni kwa mikono yote miwili, na mikono bado ilikuwa na unyevu.

"Mwakani nitaongeza neno kwenye tangazo," akasema.

"Neno gani, mama?"

"Kwamba amekiri mwenyewe."

Stamen akasema ni wazo zuri, akawasha pikipiki, wakavuka.