Kionjo cha Sehemu ya Pili

Mimi si shabiki wa gemu, na nimeshalisema hilo mara nyingi mpaka cherehani yangu imelikariri. Lakini nimeolewa na shabiki, shemeji yangu ni shabiki, na jirani yetu nesi akitoka zamu huja kujibwaga kwenye kochi langu na sare yake, miguu juu ya stuli. Kwa hiyo kila Jumapili chumba changu cha kushonea hugeuka kijiwe, nami napinda mapindo ya watu huku nikiwasikiliza watu wazima wakigombana kwa ajili ya kampuni isiyowajua hata kwa sura.

Gemu yenyewe inamhusu mwanamke anayemtafuta dada yake katika mji uliohamwa. Sehemu ya kwanza iliishia mlangoni. Mwanamke kashika kitasa, na sauti ya dada yake inauliza kutoka ndani, "Nani?" Basi, ikakatika hapo. Wengine walitukana. Mume wangu alisema hajapata kucheza gemu nzuri kama ile.

Alikuwa mchora mabango, herufi zake zimenyooka bila rula. Kisha presha ya macho ikaanza kumla pembeni, kidogo kidogo, na tulipokwenda hospitali tukaambiwa kilichopotea hakirudi. Sasa amebakiwa na mwanga tu. Anajua dirisha liko wapi, mengine ni kubahatisha.

Gemu ndiyo iliyobaki, na usinicheke. Walioitengeneza walikuwa marafiki wachache katika chumba kimoja, na mmoja wao kazi yake ilikuwa sauti peke yake. Kila sakafu ilikuwa na mlio wake: mbao, kokoto, vigae, maji. Mume wangu aliirudia yote kwa masikio, mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyethubutu kumwambia kulia wala kushoto, kwa sababu kijiwe kina sheria moja: mwenye padi, kile kidude cha kuchezea, haelekezwi. Mbele ya ile televisheni alikuwa mwanamume kamili. Kwingine kote mimi humshika mkono.

"Nifungue huo mlango tu," alikuwa akisema. "Nikishaufungua, nitatulia."

Siku moja shemeji akaingia anahema, simu mkononi. Yeye ni fundi wa kuchomelea, lakini tunamwita Profesa kwa sababu hakuna habari ya ile kampuni inayompita.

"Kaka, wamekua! Wamenunuliwa na kampuni kubwa, wameajiri watu kibao, wamehamia ghorofani! Na siyo sehemu ya pili tu, hata ya tatu imeshatangazwa!"

Nesi akapiga makofi. "Ndiyo maana yake! Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Na manahodha wengi, chombo huenda mrama," nikasema.

"Shemeji, wewe shona."

Mume wangu hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu. "Yule wa sauti bado yupo?"

Profesa akapekua simu, akapekua tena. "Aliondoka. Lakini sasa kuna idara nzima ya sauti, kaka. Idara nzima!"

Mume wangu akasema ni vizuri, akauliza kionjo, kile kipande cha kuwaonjesha watu kabla ya gemu yenyewe, kinatoka lini. Tangu siku hiyo akawa anaamka mapema, ananyoa ndevu kwa kupapasa, anaimba bafuni. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu alipoacha kazi. Nikaanza na mimi, Mungu anisamehe, kuisubiri ile gemu.

Kionjo kilipotoka, Profesa alikileta mchana, sote tukakusanyika. Picha zilikuwa nzuri mpaka nikasimamisha cherehani. Mvua ilikuwa ikiteremka kwenye vioo vya madirisha, tone moja moja. Lakini muziki! Ngoma na vinanda toka pembe hadi pembe, na chini yake nyayo za yule mwanamke hazisikiki kabisa. Profesa akatafuta pa kuupunguza, hapakuwa na pa kuupunguza.

Mume wangu akatembea, akaanguka shimoni. Akarudia, akaanguka tena.

"Nimekuwa mzito leo," akasema, akijichekesha. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Nesi alikuwa ameuma kidole ili asiseme "kulia". Akaanguka tena, na safari hii hakucheka.

Ndipo nilipomwona Profesa akiweka kidole mdomoni, akachukua padi nyingine, akaiwasha na kuizima ya kaka yake. Yule mwanamke akaanza kutembea vizuri, akapita ukingoni, akaruka. Nesi akaelewa, akapaza sauti, "Hapo sasa! Hapo sasa!" Profesa alikuwa akicheza huku machozi yanamtoka. Mume wangu naye alibonyeza vitufe vyake kwa bidii, kichwa kimeinama upande.

Kisha akageuza uso kuelekea kwangu. "Mama, navuka?"

Profesa akanitazama. Nesi akanitazama. Nilikuwa na hasira nao wote wawili, na kwa hasira hiyo hiyo nikasema, "Unavuka."

Mwanamke akafika mlangoni, akasukuma. Mlango ukafunguka, jina la gemu likajaa kwenye kioo, kionjo kikaisha. Wakamkumbatia, wakampigapiga mgongoni. Profesa akasema kwa sehemu ya tatu wataanza kujiandaa mapema. Mume wangu akawashukuru mmoja mmoja, wakaenda zao wakiwa wamefurahi.

Alibaki pale pale, padi mapajani.

"Nilipokuwa naanguka, padi ilikuwa inatetemeka," akasema. "Baadaye ikanyamaza. Tumeruka, tumegonga, tumefungua mlango, na yenyewe kimya."

Nikaokota pindo nililoliacha, nikachomeka sindano.

"Mdogo wangu namwelewa. Hata nesi namwelewa. Lakini wewe nilikuuliza."

"Nilitaka ufurahi."

"Najua ulitaka nifurahi." Alisema polepole, bila ukali, na heri angefoka. "Unaniambia shati ni safi. Unaniambia sijakonda. Unaniambia aliyepita njiani kanipungia mkono. Sasa nitajuaje?"

Nina mdomo mrefu, mtaa mzima unaujua, lakini siku hiyo haukunisaidia. Mwishowe nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia nampenda, na ilikuwa kweli tupu.

"Haya," akasema, kama mtu anavyomwitikia muuzaji anayesifia bidhaa yake.