Sikio la Kushoto

Bibi alikuwa amempiga muuguzi kofi tena. Mchana huo kikao kingeamua kama ahamishiwe wodi ya mlango wa kufuli, wanakokaa wazee waliopotewa na kumbukumbu. Mimi ni mtetezi wa wakazi wa makao yale ya wazee. Kazi yangu ni kumuuliza mzee anataka nini, tukiwa wawili tu, kisha niseme kile alichoniruhusu.

Nikafunga mlango, nikasogea kitandani. "Shikamoo, Bibi."

Hakugeuka. Nikamgusa bega. Akaruka, mkono juu.

"Ala! Mbona unaninyatia kama mwizi?"

"Nimekusalimu, Bibi."

"Umeusalimu mto. Hebu zunguka huku." Nikazunguka. "Wewe ndiye wa kunitetea? Na kisauti hicho? Tumekwisha!"

Tukacheka. Kisha akaniambia kwamba sikio lake la kushoto lilikufa zamani. Hapo awali sikio zima ndilo lililoelekea mlangoni. Chumba kilipopakwa rangi, kitanda kikarudishwa kimegeuzwa. Tangu hapo wauguzi humjia upande wa kiziwi, naye hushtukia mtu keshamshika.

"Kwa nini hukusema?"

"Wangesema nimezeeka."

"Bibi, una miaka themanini na kitu."

"Na hicho kitu hakiwahusu."

Nikamweleza kwamba bila ruhusa yake sifungui mdomo, hata wakimhamisha nikiona. Akavuta shuka, akaikunja, akaikunjua.

"Haya, sema. Ila upaze sauti, mjukuu wangu. Usiniaibishe."

Kikaoni walikuwepo Bibi mwenyewe, mwanawe, meneja, na muuguzi aliyepigwa. Nikasimama, nikasema yote, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

Muuguzi akashika shavu. "Kumbe! Na mimi nilidhani ananichukia. Nimemwombea weee!"

"Mama," mwanawe akasema, "hata mimi hukuniambia?"

"Ungeniletea ile mashine ya masikioni."

"Ningekuletea, ndiyo!"

"Si unaona?"

Meneja akaangua kicheko. "Hahami mtu hapa. Kageuzeni kitanda."

Tulikigeuza sisi wenyewe, mwanawe akishika upande wa kichwani, Bibi akituamrisha kutoka kwenye kiti. Alipojilaza, muuguzi akatoka, akabisha hodi, akaingia upya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Lile shavu bado linauma?"

"Kidogo."

"Pole. Njoo ukae hapa."