Hukumu Iliyomezwa na Zulia

Kabla macho hayajamzimikia, Fundi alikuwa akitengeneza redio. Sasa alikuwa mwigizaji, tena wa nafasi ya hakimu. "Mimi sihongeki," aliwaambia wenzake. "Bahasha yenyewe siioni."

Mshtakiwa wake alikuwa Kimya, mshonaji, kiziwi tangu utotoni. Katika mchezo alitakiwa asimame peku juu ya jukwaa, upande wa mbele, mgongo kwa hakimu. Saa ya hukumu Fundi angepiga kisigino mara mbili, Kimya angeusikia mshindo kwa nyayo kupitia mbao, angegeuka na kujitetea kwa ishara za mikono, huku Mwalimu, kiongozi wa kundi, akitafsiri kwa kipaza sauti. Maneno yale Kimya aliyatunga mwenyewe, kwa miezi sita. Na siku ya onyesho la wageni mama yake angeyaona kwa mara ya kwanza. Mama huyo hakuficha: "Ishara za mwanangu nazijua tatu tu. Njoo, kula, na nyamaza."

"Nyamaza?" Fundi alimwuliza. "Kiziwi?"

"Ndiyo hiyo niliyoitumia zaidi, baba."

Wakati wanavaa, Mwalimu akatandika zulia jukwaa zima. Wageni walikuwa wakubwa, na yeye alihofia waigizaji wake wasijikwae. Kuuliza hakuuliza. Ukimpenda mtu sana kwa huruma, humwulizi kitu.

Fundi alipopanda akakanyaga kitu laini kama mkate uliolowa. Akajua ni zulia, lakini mchezo ulishaanza. Ikafika hukumu. Akapiga kisigino mara mbili. Zulia likaumeza mshindo. Akapiga tena, goti likalia. Ukumbini mtu akakohoa. Kimya kasimama tu, anangoja.

Fundi akaona heri amguse bega. Zilikuwa hatua saba, na ukingoni mwa jukwaa palipigiliwa kamba ya kumwonya mguu. Kamba nayo ilikuwa chini ya zulia. Hatua ya tano alishapinda bila kujua, akampita Kimya ubavuni, na ya nane akaikanyaga hewa.

Alianguka kama gunia. Mtu akapiga yowe, mwingine akaanza kulia, kisha mgeni rasmi akasimama akipiga makofi, na ukumbi mzima ukainuka naye. Kimya alipoona watu wamesimama alidhani ishara imempita. Akageuka haraka, akainua mikono. Pazia likafungwa.

Nyuma ya jukwaa Mwalimu alimkumbatia Fundi, aliyekuwa akivuja damu kiwikoni.

"Mzee wangu, umewaliza! Mgeni rasmi katoa leso!"

"Nimeanguka, Mwalimu."

"Ndiyo! Tuiache hivyohivyo."

"Na maneno ya Kimya?"

"Watu walishashiba."

Mama yake Kimya akaingia, sauti imejaa fahari. "Pole, baba. Lakini mwanangu kaigiza! Katulia, hata hakutikisika."

Kimya aliviona vinywa vikicheza. Akaushika mkono wa Fundi, akamwandikia kiganjani herufi mojamoja, kama walivyozoea: AMESEMAJE?

Fundi hakuwahi kupungukiwa maneno maishani. Akamwandikia: UMETULIA.

Kimya akautoa mkono wake ndani ya wa Fundi.

"Mwalimu," Fundi akasema, "ondoa hilo zulia, au mimi sipandi tena."

"Usiniharibie, mzee. Tumeitwa miji minne."

"Kwa kuanguka kwangu."

"Kwa kazi yetu sote."

Fundi akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Alidhani watamfuata. Mtu huwa hakosi kujidanganya kidogo.

Kimya alikwenda miji yote minne. Mwalimu alimwahidi kwamba maneno yake yatarudi onyesho lijalo, na lijalo likawa na lijalo lake. Kiti cha hakimu walimpa kijana mmoja mrefu, mzima wa macho, wakamfunga kitambaa machoni. Wanasema anaanguka vizuri kuliko Fundi.