Nani Avuke Kwanza

Kila Jumapili mchana, sisi wa Mikelenge, Wakristo kwa Waislamu, tunakaa barazani kwa Soudi kusikiliza kitabu alichoachiwa na babu yake: tenzi za zamani, kwa herufi za Kiarabu. Mimi kusoma kunanishinda, lakini masikio ninayo. Desturi yetu ni kwamba kabla ya mwisho wa kisa Soudi anafunga kitabu, na kila mtu anasema yeye angefanya nini. Mgeni ndiye anayeanza.

Siku ile mgeni alikuwa Kalume. Wakubwa wanataka kumuweka shefu, mkuu wa mtaa wetu, basi amekuja tumzoee. Mimi nilimzoea zamani. Wakati wa vita, boti ya kuvusha watu kutoka Alunguli, upande wa pili wa mto, ilikuwa chini ya amri yake.

Soudi akasoma habari za sultani aliyekimbia na watu wake mpaka mtoni. Adui wako nyuma, mitumbwi michache. Akafunga kitabu.

"Mukubwa anatangulia," Kalume akasema. "Anafika ngambo, anatafutia watu wake fasi ya kulala."

"Papa Kalume," nikamwambia, "na makochi yako yalitangulia kutafuta nini?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, kidogo.

"Matata," akaniita kwa jina, "ile ilikuwa vita."

"Na hii ya kitabuni ni arusi?"

Hapo kicheko kikaisha. Nikaeleza mbele ya wote. Tulikuwa ukingoni Alunguli, bibi yangu Emerance ana homa, ametoka kujifungua. Boti ikaja. Watu wa Kalume wakapakia makochi yake, frigo, mbuzi. Emerance alikuwa ameshashika ubavu wa boti, akaambiwa aachie. Boti haikurudi. Alinifia porini, na mtoto akamfuata.

"Ulimuona?" nikamuuliza Kalume. Miaka yote hii nilitaka kujua hilo tu.

Akatazama viatu vyake.

"Nilimuona. Nilimwambia boti itarudi."

"Ulitaka irudi?"

Mama Joséphine, jirani yangu, akaacha kujipepea.

"Hapana," Kalume akasema. "Niliogopa."

Nilidhani nikisikia neno hilo moyo utapoa. Haukupoa.

"Soma mwisho, Soudi," Mama Joséphine akasema.

Soudi akasoma. Sultani alikaa juu ya jiwe mpaka mtu wa mwisho akavuka, na adui wakamkuta palepale.

Kalume akaaga. Kwetu mgeni anasindikizwa mpaka barabarani, hata yule tusiyempenda. Siku ile hakuna aliyenyanyuka. Akashuka barazani peke yake, akasimama kidogo uani kana kwamba anangoja mtu, halafu akaenda.

Najua watamuweka tu. Wale wa juu hawajawahi kutuuliza, wala wakati wa vita, wala leo. Lakini atakapokuja kutuamuru, atakuwa anaamuru watu waliomsikia.