Chupi ya Unga

Honora Scanlan aliitambua ile chupi kabla hajatambua kwamba ni picha.

Alisimama ghafla barabarani, kapu la nguo kiunoni. Nyuma ya kioo cha duka la fremu za picha kulikuwa na paa lake mwenyewe, na juu yake chupi imefura kwa upepo kama tumbo la mlafi. Makalioni yalisomeka maandishi ya kinu cha unga, hakuna herufi iliyokosekana: UNAUMUKA WENYEWE.

"Yesu na Maria!"

Nusu ya wanawake wa Philadelphia walishona chupi kwa mifuko ya unga. Aibu ilikuwa kuonekana. Ndiyo maana kila Jumatatu Honora alianika mashuka kwenye kamba za nje, siri za watu kwenye kamba za ndani, na mdomo wake akaufunga. Siri hii ilikuwa ya Bi Hetzel, mke wa mwenye bucha, aliyewaambia wenzake kanisani kuwa mwili wake haujui kitu ila hariri ya Paris. Yeye ndiye aliyemletea Honora wateja mtaa mzima. Akinuna, mtaa ungenuna naye, na Honora angerudi kusugua sakafu za baa.

Akaingia dukani. Bwana Lathrop, mchoraji aliyepanga chumba cha darini nyuma ya paa lile, alikuwa akiitazama kazi yake kwa mahaba.

"Bwana, ifunike hiyo."

"Niufunike ukweli? Wenzangu wanachora malaika na kulungu. Mimi nachora nilichokiona."

"Kumbe ulichungulia!"

"Nilitazama."

"Anayetazama hubisha hodi. Chora shuka hapo mbele, moja tu. Nitakufulia mashati mpaka Pasaka."

Lathrop alijigusa kola, ambayo kwa kweli ilihitaji msaada. Akasita. "Hapana. Shuka halikuwepo."

Kengele ya mlango ikalia. Akaingia Bi Hetzel, upana wa mlango mzima, na nyuma yake jirani yao Bi Quigg, mwanamke ambaye hakuwahi kusikia habari akaiacha ilale.

"Mama yangu!" Bi Quigg alipasuka kicheko. "Hii chupi au hema la sarakasi? Ukoo mzima unaenea humu! Honora, wewe ndiye mfuaji. Ya nani?"

Bi Hetzel aliiva uso kama nyama ya buchani kwake. Alishika mkoba kwa mikono miwili, akaangalia sakafu.

"Yangu," alisema Honora.

Bi Quigg alimpima kutoka utosini hadi kwenye viatu. Honora alikuwa mwembamba kama mpini wa fagio. "Yako wewe na nani?"

"Mwaka juzi nilinenepa."

"Mwaka juzi ulikuwa hoi kwa homa ya matumbo!"

"Kabla ya homa."

"Samahani," alidakia Lathrop, "mimi picha hii niliichora Apri—"

Kisigino cha Honora kilimshukia kwenye vidole vya mguu.

"Mwaka juzi," alisema mchoraji, machozi yakimlengalenga. "Aprili ya mwaka juzi. Alikuwa mnene sana."

Bi Quigg alitoka mbio. Kabla ya chakula cha mchana Honora angekuwa na jina jipya mtaa mzima, na jina lenyewe lingehusu unga.

Bi Hetzel hakuondoka. Hakushukuru pia, alikohoa tu. "Honora, wiki ijayo nitakuletea na mapazia."

"Karibu, Bi Hetzel."

Kisha Bi Hetzel akaisogelea picha, polepole, kama mtu anayekaribia kitanda cha mtoto aliyelala.

"Siku hiyo kulikuwa na upepo?"

"Upepo mkali, Bi Hetzel," alijibu Honora.

"Inaonekana…" Alitafuta neno. "Inaonekana ina furaha."

Alibaki pale, kichwa amekiinamisha upande, na pindo la gauni lake zito likaanza kuyumba kidogo, kulia, kushoto, ingawa mlango ulikuwa umefungwa na dukani hamkuwa na upepo.